Nyumba Ambayo Baba Hakuingia

Mjukuu wangu ndiye anayechapa haya kwenye kompyuta yake. Mimi nasema, yeye anachapa. Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Wengi waliomaliza walikuja kuniomba kazi.

Macho yangu yamechoka, kwa hivyo jioni hunisomea vitabu vyake vya majoka na wachawi. Mimi naona vyote ni kitabu kimoja. Kijana anatoka kwao maskini, mzee mwenye ndevu anampa upanga, anaua joka, anarudi na dhahabu. Kijiji kizima kinatoka kumpokea. Baba yake analia kwa furaha. Kwisha.

"Hata wewe, Babu, uliondoka, ukapigana, ukarudi," aliniambia. "Maisha yako ni hivi hivi."

"Na joka langu lilikuwa wapi, bibi yangu?" Kwetu, kwa utani, mjukuu wa kike ni bibi wa babu yake.

"Si yale machimbo!"

Haya basi. Nilivunja mawe machimboni nikiwa kijana, na hakuna mzee aliyenipa upanga. Nyundo nilijinunulia, na mpini wake ulikuwa umepasuka. Joka likiuawa hufa. Jiwe halifi. Ukivunja hili, lingine liko chini yake linakungoja, na kidole changu kimoja kilibaki huko. Nilipotoka nikafungua duka la simiti na misumari pale Ikonge, nikapanda majani chai, nikajenga. Nyumba ya mawe, ya kwanza upande wetu wa kilima, na mawe yake niliyachonga mwenyewe.

Hapo ndipo mjukuu wangu alipotaka kunisaidia. Alichapa kitu, kisha akanisomea: "Baba yake aliingia polepole, akakaa kwenye kiti kando ya dirisha, akaibariki nyumba."

"Futa."

"Lakini Babu, vile ilivyokuwa inaumiza. Msomaji anataka—"

"Futa, nimesema. Baba hakuingia."

Kwetu Gusii baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaiita ensoni, heshima iliyochanganyika na haya, na baba yangu hakuwa mtu wa kuichezea. Nilitaka kumjengea yake mpya, akakataa. Ile yake ya udongo ilivuja kila pembe, lakini mama alifia humo. "Nitalala alipolala," alisema, na mjadala ukaisha.

Siku niliyohamia alikuja. Akaweka kigoda chake uani, mbali na mlango, akafungua mwavuli maana kulikuwa na manyunyu.

"Ndani kukoje?" akauliza.

"Kuzuri, Baba."

"Sijakuuliza kama ni kuzuri. Anza na mlango."

Nikaanza na mlango. Mbao ngumu, komeo la chuma. Nikamwambia sakafu ni ya simiti nyekundu, nikamwambia dirisha linaloangalia bonde. Nikamwambia na ukuta mmoja ambao tayari ulikuwa na ufa. Hilo sikulificha. Alisikiliza bila kuondoa macho mlangoni.

"Moto mnaota wapi?"

"Humo hamna moto, Baba. Jiko liko nyuma."

"Nyumba ya mawe, na baridi hii yetu," akasema. Akabeba kigoda chake, akateremka kwake.

Mvua zilizofuata zilimpata kifuani. Alifia kwenye udongo wake unaovuja, na dhahabu yangu, ile nyumba ya mawe, iko pale juu, inaonekana kutoka mlangoni kwake.

Mwenye kuandika majoka ana ruhusa yake. Anayesoma anajua joka hakuna. Lakini ukishamwambia mtu haya yalinipata mimi, umemkalisha uani kama baba yangu. Hawezi kuingia kuhakikisha. Ana maneno yako tu.

Nilimweleza hivyo mjukuu wangu. Hakufuta. "Sasa kitabu kitaisha vibaya, Babu," akasema.

Sikubishana naye. Baba yake, yaani mwanangu, amejenga mjini, Nyanchwa. Watu wa mjini wameshaiacha ensoni. Mwanangu huniita niingie, mkewe hunisihi, lakini mimi huishia getini, soda yangu naletewa nje.

"Kwa baba yako ndani kukoje?" nikamwuliza.

"Kuzuri sana, Babu! Kuna—"

"Anza na mlango."

Akaanza, polepole. "Mlango ni wa chuma, kahawia. Chini umeshika kutu. Ukiingia, mkono wa kushoto kuna televisheni. Halafu kuna kiti kando ya dirisha. Baba alikinunua akisema ni chako." Kisha akaongeza: "Hakuna anayekikalia. Tunawekea nguo za kupigwa pasi."

Nikasikia kidole chake kikigonga kompyuta, tena na tena, akifuta ile sentensi yake.