Siku Pua Yangu Ilipokufa

Watu wakisikia nilikuwa kiongozi wa timu kwenye kiwanda cha bia wanafikiri nilikuwa mlevi. Sijawahi kunywa bia hata ya kujaa kifuniko. Kazi yangu ilikuwa kunusa.

Chupa za bia hurudi. Zinarudi kutoka baa za Matuu, za Muthetheni, za kila mahali, na kabla ya kurudi huwa zimeishi maisha mengine. Kwetu chupa haitupwi. Inatiwa mafuta ya taa, inatiwa dawa ya kupe, samli, maziwa ya mtoto, hata mkojo wa mlevi aliyeona uvivu kutoka nje. Mashine ya kuosha ni kubwa kama nyumba na maji yake yanachubua ngozi, lakini mafuta ya taa yanaishinda. Chupa moja ikipita, maji yote yamenuka, na mtu mahali fulani atafungua bia siku ya harusi ya mwanawe anywe mafuta ya taa.

Kwa hivyo wanawake husimama mwanzo wa laini, kabla ya mashine. Unainua chupa, unanusa, unapitisha. Ukishuku, unampa kiongozi. Kiongozi ananusa na kusema neno moja: pitisha, ama vunja. Hakuna kubishana.

Kiongozi nilikuwa mimi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini pua haiulizwi cheti. Kila aliyekuja pale nilimfundisha vile vile. Harufu zikikuchanganya, nusa kiwiko chako kwanza. Harufu yako mwenyewe inafukuza zile zingine. Halafu rudia chupa, na useme kilichoko, si kile unachotaka kiweko.

Halafu ukaja ule ugonjwa uliofunga makanisa. Ulitushika sisi wawili, mimi na mzee wangu. Mimi nikaamka, yeye hakuamka. Alizikwa haraka hapa Katelembo, na waliomshusha kaburini walikuwa watu nisiowajua, wamevaa nguo nyeupe mpaka kichwani. Nilisimama mbali nikaangalia kama mtu anayeangalia jirani akichimba choo. Sikulia. Watu wakasema mama huyu ni mgumu. Haukuwa ugumu. Ndani hapakuwa na kitu cha kulia nacho.

Koti lake lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilikataza mtu yeyote kulifua. Kila jioni niliingiza uso kwenye kola nikavuta pumzi, na ilikuwa kama kuingiza uso kwenye gunia tupu. Pale ndipo nilijua pua imeenda. Nikajiambia itarudi, watu wanasema hurudi, na koti litaningoja. Hicho tu ndicho nilikuwa nataka. Kazi ilikuwa nyuma ya hicho.

Lakini kazini nilirudi. Asubuhi ya kwanza mama mmoja aliyesimama karibu nami akaninyooshea chupa.

"Mwaitu," akaniita, yaani mama, "hii siielewi."

Nikaileta puani. Hakuna kitu. Nikanusa kiwiko. Hakuna kitu. Wanawake wote wananiangalia, laini inasonga.

"Vunja," nikasema.

Akaja mwingine na yake. Vunja. Na mwingine. Vunja. Ningesemaje pitisha, na sijui ninapitisha nini?

"Lakini mwaitu, hii ni maji ya mvua tu!"

"Vunja."

"Basi tuitishe tingatinga tuvunje kiwanda chote twende nyumbani."

Wakacheka. Mimi nikaendelea kuvunja. Pipa la vipande lilijaa kabla ya chai, na meneja, kijana mpole anayevaa viatu vya kung'aa, akaja kuliangalia.

"Mama, leo kuna nini?"

"Pua imekufa."

"Imekufa aje?"

"Vile mzee wangu alikufa. Iko hapa usoni lakini haina mtu."

Alikuna kichwa. Akaniambia nipumzike mpaka mwisho wa mwezi. Pua ikirudi, nirudi mahali pangu. Isiporudi, nimwambie nani ashike uongozi, na mimi atanipeleka upande wa kupanga kreti.

"Kwa nini mimi ndiye nitachagua?"

"Kwa sababu hao wanawake hawatasikia mtu uliyemkataa."

Kila mtu alijua jina wanalongoja. Mjukuu wangu alikuwa kwenye laini hiyo hiyo. Nimemlea mimi tangu akiwa mgongoni, na nasema bila haya kwamba hakuna pua kama yake kutoka Athi River mpaka Machakos mjini. Dawa ya kupe alikuwa anaishika chupa ikiwa bado kwenye kreti. Lakini alikuwa na huruma mbaya. Siku moja rafiki yake alipitisha chupa ya mafuta ya taa, tukaikamata karibu na mashine. Nikamuuliza nani amepitisha, akasema hakuona. Hakuona, na walikuwa wamesimama bega kwa bega! Mtu wa hivyo atamwambia mwenzake anachotaka kusikia. Sikutaka kuacha laini mikononi mwa mtu kama huyo, hata kama ni damu yangu.

Nyumbani alikuwa ananijaribu. Anafunga macho yangu na leso, ananiletea kitu puani.

"Hii ni nini, susu?"

"Kitunguu."

"Susu, hiyo ni sabuni!"

"Na hiyo?" nikauliza alipoleta kingine.

"Wewe ndiye unasema, susu. Mimi ni mwalimu leo."

"Kahawa."

"Ni mavi ya mbuzi." Akacheka mpaka akaketi chini. Nami nikacheka, lakini ni mdomo tu uliocheka. Tumbo halikujua.

Mwezi ukaisha. Pua haikurudi. Jumapili nilitoa koti kwenye msumari, nikalileta nje kwenye mwanga, nikamwita. Sikuwa namjaribu. Wazo la kazi halikuwa karibu nami hata kidogo. Nilitaka kujua tu.

"Nusa hili. Niambie kama bado yuko."

Akaniangalia. "Susu..."

"Nusa."

Babu yake alikuwa anavuta ugoro, alikuwa anashinda na mbuzi, na jasho lake lilikuwa na uchachu fulani ambao ningeujua hata gizani. Msichana anajua hayo yote. Amekua akibebwa ndani ya koti hilo.

Alinusa kiwiko chake kwanza, bila kuambiwa. Halafu kola. Halafu makwapa. Akarudia kiwiko, akaingiza pua kwenye mfuko wa ndani. Alichukua muda. Kuku walipita wakarudi. Halafu akainua macho akatafuta uso wangu, na nikaona anatafuta neno la kunipa. Sura hiyo naijua. Ndiyo ile ya siku ya rafiki yake.

Akalikunja koti polepole.

"Hayuko, susu. Ni vumbi na moshi wa jikoni."

"Hata kwa kola?"

"Hata kwa kola. Hayuko."

Nikangoja kulia. Hakikuja kitu. Kifua kilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unajua ni wako lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Yeye ndiye alikuwa analia, machozi yanadondoka juu ya koti, lakini neno lake hakulibadilisha.

Nikaenda nikaleta beseni na maji. Tukalifua pamoja, yeye anasugua, mimi nasuuza. Maji yalitoka mekundu kwa vumbi.

"Kesho nitampa meneja jina," nikamwambia.

"Jina la nani?"

"Kamua hiyo mikono ya koti vizuri. Inatiririka."

Siku hizi niko upande wa kreti, nyuma ya ukuta. Asubuhi za baridi navaa lile koti, limenifika magotini, na vijana wa huko wananiita mzee. Chakula bado ni kama kutafuna karatasi. Nikiwa napanga kreti, nasikia sauti nyembamba niliyoilea mwenyewe ikisema vunja, mara moja tu, na chupa inaanguka kwenye pipa. Sijui ilikuwa na nini ndani. Yeye anajua.