Mke wa Askari Aliyempokea Binti Yangu

Kila msimu wa maharagwe soko lilifunguliwa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nami niliketi na bidhaa zangu jirani na mke wa askari, mama aliyeuza mitumba kutoka Mbarara. Siku moja uchungu wa kujifungua ulinishika palepale. Akaziacha nguo zake, akanishika.

"Dada, na bitu byako?" nikamuuliza.

"Wacha nguo. Wewe zaa kwanza."

Wauzaji wenzetu walituzungushia vitenge, na mtoto akazaliwa kabla pikipiki ya kunipeleka hospitali haijafika. Mke wa askari ndiye aliyempokea, akamfunga kwa shati lake zuri kuliko yote.

Msimu uliofuata mumewe alikuwa amehamishwa, na hatukuagana. Binti yangu sasa anasoma. Bado namtafuta yule mama kati ya wauza nguo. Natamani amuone binti huyu aliyempokea.