Kihisi Kilichovalishwa Glavu

Asubuhi zamu zinapopokezana, fundi wa vihisi wa kiwanda cha vigae anapanda ngazi juu ya tanuri, bisibisi mdomoni. Anashuka na glavu ya mpira iliyozungushiwa selotepu. Anaitupa miguuni pa wachomaji.

"Nani?" anauliza.

Wenzake humwita Mama Pua, maana kazi yake ni kunusa kisichonusika. Ndani ya kihisi mna kipande cha kauri kinachopashwa moto. Kikishapata moto, gesi chafu ikikigusa, umeme wake hubadilika na king'ora hulia. Kaboni monoksaidi ya tanuri haina harufu wala rangi. "Inakulaza tu," anasema. "Unadhani umechoka."

King'ora kikilia, tanuri huzimwa, vigae hupasuka na zamu nzima hukosa posho. Ndiyo maana wachomaji huvalisha kihisi glavu, gesi isikifikie. Meneja anajua fika, ila anajifanya haoni.

Mwezi uliopita mchomaji mmoja alizimia nyuma ya tanuri, akatolewa mzegamzega. Alikuwa kaka yake Mama Pua.

"Nilipanda, nikaikuta glavu. Kumbe aliyeifunga ni yeye mwenyewe. Sikulia. Nilitamani nimzabe kofi palepale kwenye machela," anasema Mama Pua.

Kaka mtu karudi kazini wiki hii. "Safari hii si mimi," anasema. "Ile ya kwanza tulitaka posho, mdogo wangu. Watoto wanakula."

"Na msibani kwako wangekula nini?" anamkata kauli.

Lakini hasira kubwa kamwekea meneja. Alimpelekea wazo: kihisi kilichofunikwa hutoa namba ileile bila kutikisika, basi kiunganishwe na vali inayolisha moto wa tanuri, kikituama hivyo moto ujizime. Meneja akamjibu, "Mama, unataka kutufungia kiwanda?"

"Mtu mzima, ana ofisi yenye dirisha linalofunguka, ananiambia hivyo," anasema. "Aje ashinde huku nyuma ya tanuri siku moja tu."

Jumatatu tanuri litapozwa kwa matengenezo. Ataunganisha nyaya zake, wapende wasipende. "Wanifukuze. Mimi nitakuwa nyumbani, na moto utazima vilevile."

Kaka mtu anasema atamshikia ngazi. Mama Pua hamtazami.

"Uishike kweli," anasema. "Sijakusamehe."