Siku Kambo Alipooga Nzilo

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Sikuambukizwa na mtu, nilizaliwa hivyo. Mbwa wa jirani akibweka, nilikuwa chini ya kitanda kabla hajavuta pumzi ya pili. Kwa hiyo anayetafuta shujaa katika habari hii amtafute kwa wengine, maana wamo.

Nyumba ninayoisimulia ilikuwa juu ya kilima, ikitazama ziwa la bwawa la Nzilo, mbali na kelele za Kolwezi. Wabelgiji waliijenga zamani ili wakubwa wa mgodi wapumzike humo. Ilikuwa na ghorofa moja, sakafu ya mbao, bustani ya mawaridi, na njia ndefu ya mijakaranda kutoka getini hadi barazani. Mama wa mama yangu alifua na kupiga pasi humo miaka yote niliyomjua. Kwetu bibi wa namna hiyo tunamwita kambo. Askari walipopora maduka ya mji na wazungu wakakimbia, walimwachia kambo funguo, wakamwambia wanarudi baada ya wiki mbili. Mwaka ulipita. Kambo alipanda sombe na lengalenga, yaani kisamvu na mchicha, katikati ya mawaridi, na wageni walipokuja kutazama nyumba siku za Jumapili, aliwazungusha yeye mwenyewe, viatu mkononi, bila kugusa kitu.

Jumapili ile tulikwenda kama wageni. Tulivaa nguo za misa, baba na tai yake, tukapanda lori la makaa. Majirani tuliwaambia tunakwenda kuona maua. Ukweli ni kwamba tulikwenda kumficha baba.

Baba alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akachora ramani za mgodi kwa miaka mingi. Kasai, mkoa mwingine kabisa, hakuwahi kuuona. Lakini baba yake alitoka huko, na mwaka ule ilitosha. Vijana wenye mapanga walipita mitaani wakiimba kwamba Wakasai ni bilulu, yaani wadudu, watoke. Nyumba ya rafiki yake ilichomwa Alhamisi. Treni ya kuwapeleka Kasai ilisemwa itakuja Jumanne, na waliokuwa wakiisubiri walilala stesheni, gare kama tunavyoiita, kandokando ya reli, chini ya mahema ya magunia. Surua iliingia humo. Kila asubuhi walizika watoto. Niliyaona makaburi yale kwa macho yangu, mafupi kama mimi, na tangu hapo sikulala vizuri.

Mama alikuwa mtu wa hapa, Mluba wa kaskazini mwa mkoa huu huu, na hakuna aliyemfukuza. Ndipo ugomvi ulipoanzia. Baba alitaka tuende wote, mama, mimi na mdogo wangu. Kambo hakutaka hata kusikia.

Ugomvi wenyewe ulipita kinywani mwangu. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hali naye, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mwenzake apite. Baba na kambo walikuwa wameishi hivyo miaka kumi na miwili bila kosa hata moja. Kambo alipotujia mjini wiki ile, baba alisimama nje ya ua, yeye akakaa jikoni, na mimi nilikuwa katikati, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

“Umuambie kambo, bibi yangu na batoto tutaenda nabo pamoja,” alisema baba. Bibi hapo ni mke wake, mama.

“Umuambie tata yako,” alijibu kambo kabla sijafungua mdomo, “batoto balizaliwa hapa, batabakia hapa. Yeye aende.”

Siku ile pia hakubadilisha neno. Lakini mgeni ni mgeni, na kambo hakujua njia nyingine ya kumpokea mtu katika nyumba ile. Alitupitisha chumba kwa chumba. Baba alifuata nyuma, vyumba viwili mbali, na kambo akapaza sauti ili naye apate haki yake.

“Hapa njo mukubwa alikuwa nakunywa kahawa! Musiguse!”

Nilisikia baba kule nyuma akisema polepole, “Aksanti, mama,” akiuambia ukuta. Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nasikiliza sakafu. Kila ubao uliolia chini ya miguu yetu niliusikia kama mtu anayeingia.

Saa tisa hivi mama alikuwa bustanini akichuma sombe, mdogo wangu mgongoni. Alikuja mbio, majani yakimwanguka.

“Banakuya!”

Nilichungulia dirishani. Walikuwa wanane au tisa, chini ya mijakaranda, wakitembea bila haraka. Walikuwa wanaimba. Mtu anayekuja kukuua huku anaimba anatisha kuliko anayekuja kimya, kwa sababu anayeimba hana wasiwasi.

Baba alikuwa ghorofani, ukumbini, karibu na mlango wa bafu. Ngazi ilikuwa moja tu, nayo ilishuka hadi mlango wa mbele, na madirisha yote yalikuwa na vyuma. Kambo alipanda ngazi ile akihema, mimi nyuma yake, ndoo ya maji mkononi mwake. Alimshika baba kifuani, kwenye tai, akamsukuma bafuni. Sikuwahi kuona mikono yao ikigusana. Na baba alisita! Naapa alisita. Mapanga yalikuwa yamefika barazani na yeye bado aliona haya.

“Geukia kibambazi,” kambo alimwambia, yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi.

Baba aligeukia ukuta, nyuma ya mlango. Kambo alianza kufungua kitenge. Kisha akanitazama.

“Simama pa mulango. Usidanganye. Sema tu kambo eko naoga.”

Akafunga. Komeo lilikuwa limeng'olewa siku nyingi.

Aliyetangulia kupanda alivaa kofia ya chuma ya wachimbaji. Nilimjua kwa sura. Alikuwa akiimba kwaya kanisani kwetu. Aliinama mbele yangu kwa upole.

“Mutoto, tata yako eko wapi?”

Nilisema nilichoagizwa. “Kambo eko naoga.”

“Sikuuliza kambo.”

“Kambo eko naoga mule.”

Akashika kitasa. Maji yalimwagika ndani, pwaa, na sauti ya kambo ikatoka, nzito, bila hata chembe ya hofu.

“Ingia, mutoto yangu! Ingia uone kwenye mama yako alitokea!”

Aliachia kitasa kama aliyeshika sufuria ya moto. Kwetu uchi wa mwanamke mzee hautazamwi. Ukiuona, umeubeba, na unakwenda nao hadi kwa watoto wako. Mwenzake aliyekuwa ngazini hakuridhika.

“Na kama ule kilulu eko mule ndani?”

“We mupumbafu? Na mama mukwe yake butupu? Hata Mukasai hawezi!”

Walicheka wote. Nami nilicheka, niseme ukweli, nilicheka nao huku mkojo ukinishuka miguuni.

Walipekua dari, kabati, tangi la maji. Walichoma magodoro kwa mapanga. Muda wote huo kambo aliendelea kuoga. Ilikuwa majira ya baridi, na maji yalikuwa yale yale ya ndoo moja. Aliyachota kwenye beseni na kujimwagia tena na tena, kwa sababu bafu lililonyamaza lingewapa mawazo. Mimi nilisimama na kuyahesabu mapwaa, nikiomba Mungu yasikome. Mwishowe walishuka na mapazia na saa ya ukutani, wakaondoka walivyokuja, wakiimba.

Kambo alitoka amejifunga kitenge, akatupita, akashuka kuvaa. Baba alitoka amefumba macho. Alikaa ngazini, akalia kama mtoto, na mama alipopanda kutoka chini na kumgusa alimwondoa mkono. Haikuwa hofu ile. Hofu naifahamu. Alikuwa anaona aibu kuwa hai.

Tulikaa pale mpaka kambo aliporudi amevaa. Hakubaki chini, wala hakuniita mimi. Alipanda, akasimama mbele ya baba.

“Tata,” alisema, “beba bibi yako na batoto. Mi sina tena neno.”

Hilo ndilo neno ambalo baba alikuwa ameliomba wiki nzima. Mama alishusha pumzi. Mimi niliona reli, magunia, na vile vilima vidogo vya udongo. Nilimshika baba mkono.

Baba aliinua uso. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimtazama mama mkwe wake machoni.

“Hapana, mama. Pa gare banazika batoto kila siku. Hapa kuko wewe. Babakie na wewe. Mi nitaenda peke.”

Jumanne treni ilikuja kweli, ikamchukua. Alifika Kasai; barua mbili zilitufikia, ya tatu iliandikwa na mtu mwingine.

Lakini pale ngazini alikuwa bado hai, mkono wake mkononi mwangu. Mama alipiga yowe. Kambo alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilifurahi. Nilifurahi kwa mwili mzima kwamba baba anatuacha, kwamba treni ile sitaipanda, na furaha ile ilinijaa usoni kabla sijaizuia. Baba alikuwa amegeuka kunitazama, na aliiona.