Pini Midomoni

Fundi cherehani mmoja huimba pini zikiwa midomoni, wimbo uleule binti yake aliosinzia nao utotoni, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Fundi alipokoma hedhi, wimbo ulikatika. Kukabaki taulo la jasho shingoni na ulimi mkali kama wembe. Siku jasho lake lilipodondokea shela la bibi harusi, aliweka mkasi chini akaenda kutafuta dawa za homoni.

“Joto si liliisha zamani, mama? Mbona huachi vidonge?” binti anauliza.

Fundi anatoa pini moja moja.

“Nilianza kwa ajili ya joto, mwanangu. Kuendelea, hiyo ni habari nyingine. Siku zile za ulimi wangu mkali ulikuwa unapiga hodi nyumbani kwenu, kama mgeni.”

Anarudisha pini, anaimba. Binti, aliyeingia leo bila hodi, anakaa sakafuni na kuegemea mguu wa ile meza.