Kuku wa Ombasha

Dodoma, tarehe 9 Oktoba 1913. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, wingu hata moja hakuna. Jirani yangu, ombasha aliyestaafu jeshini, amekuja tena kuazima ndoo ya maji, na si kwa kunywa. Kuku wake wa pekee anaatamia jiwe tangu wiki iliyopita. Kila alasiri humtumbukiza ndooni kwa mikono yake mipana ili joto la kuatamia limtoke, kisha humweka uani na kumfokea kwa sauti ya gwaride: "Mbele!" Kuku hujikung'uta, akarudi kwenye jiwe. Hataki kula, kifua kimebaki mfupa. Mke wangu amechoka: "Nateka maji kisimani ili yeye aogeshee kuku!" Nami nimechoka kumwambia, "Ombasha, chukua mayai kwangu umwekee, jogoo ninaye. Huyu atakufa." Hujibu huku akifunga vifungo vya koti kuukuu: "Karani, mimi siombi kitu kwa raia." Kana kwamba ndoo si ya raia!

Jioni nilifuata ndoo yangu, nikamkuta amepiga magoti mbele ya kiota, uwele kiganjani, akibembeleza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Kula, mama. Kidogo tu." Kuku aligeuza kichwa. Ombasha aliponiona alisimama wima, akanifokea kwamba ndoo yangu inavuja.

Tarehe 10 Oktoba. Asubuhi alibisha hodi kabla sijanawa uso. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na tarbushi yake aliishika mikononi kama bakuli, ndani ametandika nyasi laini. Hakunitazama. "Karani," alisema, "weka humu."