Nilichowaambia Wageni Kule Nyari

Kadzo ametutoka, na mimi kila saa nashika simu nimpigie, nimwambie kwamba Kadzo ametutoka. Jamani, nifanyeje?

Tumemzika jana kwao Marafa. Leo siwezi kula, siwezi kulala, basi wacha niandike.

Wengi mnaonifuata hapa hamkumjua. Tulifanya kazi hoteli moja Malindi miaka ya themanini, tukiwa wasichana. Mimi reception, yeye housekeeping. Mimi Mkamba wa Kitui niliyeshuka pwani na sanduku la bati, yeye Mgiriama aliyezaliwa hatua chache kutoka Nyari, lile bonde la miamba myekundu ambapo ardhi ilikatika yenyewe.

Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Maweni. Nikiamka na hasira zangu ananiita "bibi wa reception" mpaka nicheke nisitake.

Hoteli ilikuwa na sheria yake. Mtu wa housekeeping haongei na mgeni. Wakikutana koridoni asogee ukutani, atabasamu, basi. Kadzo alisogea ukutani miaka mitano.

Siku moja mzee mmoja Mtaliano na mkewe wakaniomba niwapeleke Nyari siku yangu ya off. Kitaliano nilikuwa nakijua, na nilikuwa nakiringia sana. Nikawaambia hakuna shida, nitawatembeza mwenyewe. Nyari yenyewe nilikuwa sijawahi kuiona hata kwa mbali!

Nikamkimbilia Kadzo. Akasema, "Mimi nitawapitisha, wewe utafsiri. Ila meneja asijue, tafadhali."

Asubuhi nikatokea na viatu vya kisigino. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe Mueni, twashuka Nyari ama twenda harusini?"

Kule Marafa mamake Kadzo alitukaribisha sima na mboga chungu ya mchunga, kisha tukashuka. Kadzo mbele, peku, dumu la maji kichwani. Mimi nyuma, nang'ang'ania kila jiwe. Juu miamba ni myeupe, katikati ya waridi, chini myekundu iliyokolea, na joto la huko chini ni la kukukausha ulimi. Yeye alikuwa anaigusa miamba akipita. "Hii mwaka jana haikuwako. Mvua imeichonga juzi tu."

Tulipopumzika kivulini akawapa hadithi ya pale, ya matajiri waliooga maziwa huku majirani wakilala njaa, mpaka ardhi ikawameza na nyumba yao na ng'ombe wao. Aliisimulia kwa sauti ya bibi yake, polepole, kila mtu na maneno yake. Mimi nikaitafsiri kwa sentensi tatu.

Yule mama Mtaliano akavutiwa sana. Akaniuliza, "Na huyu msichana anayejua haya yote, ni nani kwako?"

Nikajibu, "Ni kibarua tu. Nimemchukua atubebee maji."

Mtasema nilimwogopa meneja. Na mimi nimejiambia hivyo miaka mingi. Si kweli. Niliona aibu wajue kwamba rafiki yangu ndiye anayewasafishia choo.

Tukaanza kupanda. Njiani yule mzee akateleza. Kadzo akamdaka mkono, akamwambia kwa Kitaliano kilichonyooka kuliko changu: shika upande wa kushoto baba, mchanga wa kulia umelegea.

Miaka yote ile aliyosimama ukutani alikuwa anasikiliza.

Nilitamani ardhi inimeze na mimi. Kadzo hakunitazama. Tulipofika chumbani akapika, akanipakulia kwanza kama siku zote. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu.

Tukazeeka hivyo. Yeye aliacha hoteli, akarudi kwao, akawa anatembeza wageni Nyari kwa Kitaliano chake hichohicho. Harusi yangu aliisimamia yeye. Nilipofiwa na mume wangu alikuja akalala sakafuni kando ya kitanda changu, wiki nzima.

Na kila mwaka lazima aniambie, "Mueni, njoo tushuke Nyari tena, sisi wawili tu." Kila mwaka nina udhuru. Magoti, mjukuu, mvua. Nilijua nikishuka kule itabidi nimwombe msamaha, na sikujua nianzie wapi.

Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti. "Mueni, kifua chanisumbua. Njoo nikuone." Nikamjibu nitakuja Desemba. Desemba! Nilikuwa na kazi gani mimi?

Jana matangani binti yake, Dama, alinishika mkono akanisimamisha mbele ya watu.

"Huyu ndiye mama mdogo Mueni," akasema. "Mama alituhadithia tangu tuko wadogo. Alipokuwa akisafisha vyumba, huyu aliwaleta Wazungu hapa Nyari. Wakamuuliza, huyu msichana ni nani kwako? Akawajibu, huyu ni dada yangu."

Wamama wa Marafa wakainuka wakanipa mikono, mmoja mmoja. Wengine walikuwa wanalia. Wakanishukuru. Nami nilisimama pale nikapokea.

Dama mwanangu, sikuweza kusema jana, nasema leo mbele ya wote. Sikuwajibu hivyo. Nilisema ni kibarua. Mamako alilisikia neno hilo kwa masikio yake, akalifukia, akawalea nyinyi kwa neno nililopaswa kusema.

Kadzo, nisamehe. Ningeweza kukwambia siku yoyote, na siku zilikuwa nyingi.

Lala unono, dada yangu.